Maradhi ya Okidi za Nyumbani na Dawa Zake

Katika mapambo yapendezayo macho ndani ya nyumba zetu, ni machache yawezayo kulishinda ua la okidi. Asumini ya jioni, asubuhi imekwisha. Waridi likikatwa halipiti wiki. Lakini okidi ile iitwayo Phalaenopsis yaweza kukaa na maua yake miezi miwili, hata mitatu, pasina kupukutika. Kwa ajili hiyo okidi zimekuwa zawadi ya heshima. Hupelekewa bibi arusi, hupelekewa mzazi, na hupelekewa jamaa aliyehamia nyumba mpya.

Walakini zawadi hiyo aghalabu huishi muda wa maua yake tu. Maua yakisha pukutika, majani huanza kulegea. Mwenyewe huona huruma, akazidisha maji. Majani huzidi kulegea, naye huzidi kutia maji, hata siku moja mti ukaanguka wote. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu husema kwamba mtumishi hakuutazama vyema. Yule husema kwamba aliyeupanda ana mkono mbaya. Na wa tatu hukumbuka kwamba jirani fulani alikuja siku ya Ijumaa akalisifu ua lile mno, basi hapana shaka limetiwa jicho. Jirani yule hajui lolote, wala hakukusudia ila wema, naye tangu siku hiyo hukaribishwa kwa uso wa kukunjamana.

Twaonelea kwamba jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu, kwani kumdhania mtu vibaya ni jambo zito kuliko kufa kwa mti mmoja. Na ukweli ni kwamba okidi nyingi zifazo majumbani huuawa na maji yaliyotiwa kwa huruma juu ya mizizi isiyoumbwa kukaa majini. Mwenye kujua kuusoma mzizi hatahitaji kumtafuta wa kumlaumu, na mara nyingi mti wake utapona.

Asili ya okidi

Jamaa ya okidi ni kubwa mno. Wataalamu wa mimea wamekwisha hesabu aina zaidi ya 25,000 duniani, na katika nchi za joto nyingi katika hizo huishi juu ya miti. Wako wadhanio kwamba okidi huunyonya mti ule unaoubeba, lakini sivyo. Huushika kwa mizizi yake kama mtu ashikavyo ukuta, kisha hupata maji yake katika mvua na umande, na chakula chake katika majani makavu na vumbi linalonaswa na mizizi.

Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki inazo okidi zake. Iko Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia mfano wa ngozi ya chui. Na iko Angraecum giryamae, ambayo jina lake limetokana na Giriama, nayo maua yake meupe hunukia usiku. Ama zile ziuzwazo sana madukani ni za nchi za mashariki ya mbali. Phalaenopsis asili yake ni visiwa vya Indonesia, Ufilipino na nchi zilizo jirani, na jina hilo ni la Kiyunani, maana yake ni kitu chenye mfano wa nondo, kwa umbo la ua lake. Dendrobium na Vanda nazo asili yake ni upande huohuo wa dunia.

Sasa autazame msomaji mzizi wa okidi. Hauwi kama mzizi wa mchicha au wa mpapai. Ni mnene, nao umevikwa ganda jeupe mithili ya sifongo. Mvua inyeshapo, ganda hilo hufyonza maji kwa dakika chache, na rangi yake hugeuka kuwa kijani. Kisha upepo hupita, mzizi hukauka, na ganda hurudia rangi yake ya fedha. Hivyo ndivyo ulivyozoea: kulowa kabisa, kisha kukauka, na hewa kupita pande zote. Atakayeupa mambo hayo matatu nyumbani kwake amekwisha kinga maradhi mengi. Atakayeufukia katika udongo wa shamba ameuziba pumzi.

Uchunguzi kabla ya dawa

Tabibu mwema hampi mgonjwa dawa kabla hajamtazama. Na katika okidi, uchunguzi wapasa zaidi, kwa sababu alama moja huweza kutokana na maradhi mawili yaliyo kinyume. Majani yanapolegea na kukunjamana kama ngozi ya mzee, maana yake ni kwamba maji hayayafikii. Lakini kwa nini hayayafikii? Huenda mti hukupewa maji ya kutosha. Au huenda umepewa maji mengi hata mizizi ikaoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunywa, ijapokuwa umezama majini. Mti wa kwanza dawa yake ni maji. Mti wa pili, ukiupa maji, umeuzika. Kwa hiyo usitazame jani peke yake. Fanya haya manne.

Kwanza, kinyanyue chungu. Kikiwa chepesi kama kitupu, mti umekauka. Kikiwa kizito, maji yangalimo.

Pili, itazame mizizi ukutani mwa chungu, ikiwa chungu ni cha plastiki ing'aayo, kama vile vyungu vya Phalaenopsis vilivyo vingi. Mizizi ya rangi ya fedha yataka maji. Mizizi ya kijani imekwisha shiba. Mizizi ya kahawia au nyeusi ni ya kutiliwa shaka.

Tatu, nusa. Chungu chenye mizizi mizima hunuka kama magome ya mti yaliyopata mvua. Chungu chenye maradhi hunuka uvundo.

Nne, kama shaka ingalipo, utoe mti chunguni na uubonyeze mzizi kwa vidole viwili. Mzizi mzima ni mgumu. Uliokufa hubonyea na kutoa maji, au ganda lake huvuka likabaki uzi mwembamba katikati. Wala usihukumu kwa rangi peke yake, kwani mizizi iliyokaa gizani ndani ya chungu huweza kuwa ya manjano au kahawia kidogo nayo ni mizima. Kidole ndicho kiamuzi.

Dawa ya mizizi iliyooza

Ukiona mizizi imeoza, usikate tamaa. Okidi yenye mizizi mizima miwili au mitatu ingali na tumaini jema.

Utoe mti chunguni, uondoe yote yaliyoshikamana na mizizi, na uioshe kwa maji safi. Chukua mkasi mkali, uupitishe katika moto na uuache upoe, ili usipeleke maradhi ya mti mmoja katika mwingine. Kata kila mzizi uliokufa mpaka ufike penye uzima, na mizizi mizima usiiguse. Kisha uuache mti kivulini kwa saa chache, vidonda vikauke.

Baada ya hapo uupande upya, na chungu kisiwe kikubwa, bali kiasi cha kuienea mizizi iliyobaki. Chungu kikubwa hukaa na maji siku nyingi, na uovu hurudi palepale. Ukisha kuupanda, usitie maji siku mbili au tatu, kisha uanze kidogo kidogo. Uweke mahali penye mwanga usio na jua kali, wala usitie mbolea mpaka uone ncha ya mzizi mpya. Ngoja yenyewe ni ndefu: huenda ikawa miezi kadhaa. Na majani yaliyokwisha kunjamana sana huenda yasinyooke tena. Uzima utautambua katika jani jipya na mzizi mpya.

Ama ukiona kwamba mti haukukosa ila maji, na mizizi ni migumu ya rangi ya fedha, basi dawa ni nyepesi. Kizamishe chungu katika beseni la maji kwa robo saa, kisha ukitoe, maji yachuruzike yote. Baada ya hapo uushike utaratibu ulio sawa.

Chungu na vijazio vyake

Okidi za juu ya mti hazipandwi katika udongo. Nchi za ng'ambo hutumia magome ya misonobari yaliyokatwakatwa. Sisi tunavyo vya kwetu visivyo haba: makaa ya kuni yaliyovunjwa vipande kiasi cha jozi ya kungu, na makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande kiasi hicho hicho. Makaa huacha nafasi ya hewa, na makumbi hushika unyevu. Katika mahali penye unyevu mwingi zidisha makaa. Katika mahali pakavu zidisha makumbi.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa sana na watu wa pwani. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba za usumba yamekwisha kunywa maji ya bahari, na chumvi hiyo huiunguza mizizi. Usiyatumie hayo. Na hata makumbi makavu yatokayo shambani yafaa yalowekwe katika maji matamu siku mbili tatu, na maji yawe yanabadilishwa, mpaka yasitoe tena rangi ya chai.

Okidi nyingine hutoka dukani zimekazwa mizizi kwa manyasi laini yaliyo kama sifongo. Manyasi hayo yalikuwa na faida safarini, lakini nyumbani huweza kushika maji katikati siku nyingi, na huku juu yaonekana makavu. Tia kidole mpaka ndani kabla hujatia maji. Na maua yakisha kwisha, ni vyema kuyaondoa na kuupanda mti katika makaa na makumbi.

Chungu nacho hakina budi kuwa na matundu. Vyungu vizuri vya nje, visivyo na tundu, ni vazi tu: mti utiwe maji nje, uchuruzike, kisha ndipo urudishwe ndani ya vazi lake. Makumbi na magome huoza baada ya miaka miwili hivi, yakawa kama udongo. Basi yabadilishwe kabla hayajafika hapo.

Maji: kiasi chake na aina yake

Tunaulizwa mara nyingi: okidi hupewa maji mara ngapi kwa wiki? Swali hili halina jibu moja. Chungu kile kile ambacho Januari, upepo wa kaskazi uvumapo na jua likawaka, hukauka kwa siku tatu, katika masika huweza kukaa na unyevu siku kumi. Basi kanuni iwe mzizi wala isiwe kalenda: ukiwa wa fedha, tia, ukiwa wa kijani, ngoja. Na utiapo, tia mengi hata yatoke matunduni, na utie asubuhi ili majani yapate kukauka kabla ya usiku. Vanda, ambayo hutundikwa katika kikapu mizizi yake ikining'inia hewani, hiyo huhitaji maji kila siku wakati wa joto.

Aina ya maji nayo ina neno. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe kandokando ya chungu, na ncha za majani na za mizizi zikawa za kahawia, jua kwamba chumvi imezidi. Kinga maji ya mvua. Hayo ndiyo bora. Kama hayapo, mwaga maji matamu mengi ndani ya chungu mara moja kwa mwezi, yaoshe chumvi iliyokusanyika. Alama hizo hizo huletwa na mbolea ya chumvichumvi iliyozidi. Robo ya kipimo kilichoandikwa katika paketi yatosha, nayo itiwe mti ukiwa umekwisha loweshwa, mara moja kila wiki mbili wakati unapotoa majani mapya.

Na kisahani kilichowekwa chini ya chungu kisiachwe na maji. Kwanza, maji hayo huozesha mizizi. Pili, ndimo azaliwamo mbu aitwaye Aedes aegypti, achukuaye homa ya dengi, naye hupenda mno maji machache yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam ilipatwa na mripuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na Mombasa iliipata mwaka 2013. Mwaga maji ya kisahani kila utiapo, na ukisugue. Haifai pambo la nyumba liwalete wagonjwa nyumbani.

Majani husema nini

Jani moja la chini kabisa likigeuka manjano polepole, hilo limezeeka. Liache lianguke lenyewe. Lakini majani mawili matatu yakigeuka manjano kwa pamoja, tena yakawa laini, rudia uchunguzi wa mizizi.

Majani yakiwa ya kijani kizito, marefu na yaliyolegea, na mti hautoi maua mwaka baada ya mwaka, mwanga haumtoshi. Majani yote yakipauka, mwanga umezidi. Na doa jeupe au la kahawia hafifu, kavu, upande uelekeao jua, hilo ni kuungua. Halina dawa, wala halienei; ondoa mti juani tu. Ligusie jani mkono saa sita mchana: ukilihisi lina moto kuliko hewa, hapo si mahali pake.

Na hapa twapenda kumtahadharisha msomaji atumiaye vitabu vya Ulaya. Vitabu hivyo huonya juu ya jua la dirisha la kusini, na huko ni kweli, kwani jua lao hukaa kusini mwaka mzima. Sisi tulio Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, jua letu la mchana huwa upande wa kaskazini tangu Aprili mpaka Septemba, kisha huhamia kusini katika miezi ya Novemba mpaka Januari. Basi dirisha lililo salama mwezi wa Juni huweza kuunguza mwezi wa Desemba. Lililo bora kwa Phalaenopsis ni dirisha la mashariki, lipatalo jua la asubuhi peke yake. Dendrobium na Vanda hupenda mwanga zaidi, na barazani penye kivuli chepesi cha mnazi hustawi sana.

Doa jeusi lenye majimaji, linaloenea siku hata siku, hilo ni maradhi mabaya. Likate pamoja na sehemu kidogo ya jani zima, kwa mkasi uliopitishwa motoni, na kidonda ukinyunyizie unga wa mdalasini, ambao hukausha na kuzuia kuvu. Lakini mdalasini usiutie mizizini, kwani huikausha nayo. Mti huo utenge na wenziwe, na uupe hewa zaidi.

Baya kuliko yote ni kuoza kwa moyo wa mti. Phalaenopsis haina ila moyo mmoja, pale katikati majani yanapochomoza. Maji yakikaa hapo usiku kucha, moyo huoza, na jani la katikati huchomoka likivutwa kidogo. Mara nyingi mti huo haurudi. Kinga yake ni nyepesi: kila utiapo maji, kausha moyo kwa ncha ya kitambaa safi. Porini mti huu huota ukiinamia upande, maji yakamwagika yenyewe; ni sisi tulioupanda wima chunguni.

Wadudu

Ukiona majani yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka, usishughulike na sisimizi peke yao. Geuza jani utazame chini yake. Huenda ukaona vidung'ata, wadudu weupe walio kama pamba, wamejificha penye makutano ya majani. Au wadudu gamba, walio kama vipele vya kahawia visivyotembea. Hao hufyonza maji ya mti na kutoa utomvu mtamu, nao sisimizi huufuata utamu huo. Na kama jani limekuwa na rangi ya vumbi la fedha na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri, upendao hewa kavu.

Dawa ya kwanza ni kitambaa na sabuni. Changanya kijiko kimoja kidogo cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji, ufute kila jani juu na chini, kisha usuuze kwa maji matupu. Rudia kila wiki kwa wiki nne au tano, kwani mayai hayafi kwa mara moja, na wengi hushindwa kwa kuacha baada ya mara ya kwanza. Mti mpya utokao dukani nao ukae peke yake wiki mbili tatu kabla ya kuchanganywa na wenziwe.

Matumba yaangukayo, na mti usiotoa maua

Wako walalamikao kwamba okidi yao ilikuwa na matumba, yakapukutika yote kabla ya kufunguka. Aghalabu mambo matatu ndiyo sababu. La kwanza ni kuhamishwa ghafula, kutoka dukani kwenye ubaridi mpaka nyumbani kwenye joto. La pili ni upepo mkavu wa feni au wa mashine ya baridi upigao moja kwa moja. La tatu ni lile wasilolidhania watu: matunda. Ndizi na maembe yanapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo huyafanya matumba yazeeke kabla ya wakati wake. Basi sinia la maembe na chungu cha okidi visikae meza moja.

Na wako walionao mti mzima wa afya, wala hautoi maua tena. Phalaenopsis hungoja ubaridi kidogo ndipo ipate kutoa maua. Joto likikaa juu ya digrii 28 mchana na usiku, hutoa majani tu. Wakati wetu wa pwani ni Juni mpaka Agosti, kusi livumapo na usiku ukapoa. Usiweke mti chumba kilichofungwa miezi hiyo, bali uweke karibu na dirisha lililo wazi. Ama walioko Nairobi au Arusha, shida yao ni kinyume: usiku wa Julai wasiuache nje, kwani haupendi ubaridi ulio chini ya digrii 15.

Maua yakisha pukutika, usiutupe mti, wala usidhani umekufa. Ufito wa maua wa Phalaenopsis ukiwa ungali kijani, ukate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Huenda ukatoa tawi la maua tena. Ukikauka, ukate chini kabisa. Lakini mashina ya Dendrobium yaliyopoteza majani yasikatwe maadamu ni manene, maana ndiyo ghala ya chakula chake, na pengine maua hutokea hapo hapo.

Okidi za porini

Mwisho twapenda kutaja wale wazibanduao okidi mwituni na kuziuza. Mti ubanduliwao huacha nusu ya mizizi yake juu ya gome, na mnunuzi hununua mgonjwa asiye na wa kumtibu. Tena si rahisi msitu kuirudisha hasara hiyo. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula. Ili iote porini yahitaji kuvu maalumu wa kuilisha, jambo alilolifunua Noël Bernard wa Ufaransa mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuoteshwa chupani kwa chakula chenye sukari, na kwa njia hizo za chupani mabustani hupata miche mingi bila ya kuugusa msitu. Jamaa yote ya okidi imeandikwa katika mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na kuzivusha mipaka bila kibali ni kosa. Mwenye kutaka okidi na anunue iliyooteshwa bustanini. Ile ya porini aitambue kwa mizizi iliyochanika na vipande vya gome vilivyoshikamana nayo.

Haya ndiyo tuliyoyaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu. Yeyote ambaye okidi yake imelegea leo, na aanze kwa kuweka chini kopo la maji, akinyanyue chungu, aitazame mizizi na aibonyeze kwa kidole. Akiikuta ingali migumu, na aupe mti maji. Akiikuta imeoza, na auchukue mkasi. Na ikiwa kuna jirani aliyepata kulaumiwa kwa ua lililokufa, basi amwendee, amtake radhi, na mti ukipona na kutoa mche, insha Allah, ampelekee naye wa kwake.